Mkono Wangu: Nidai Kiasi Gani?

Wengi wenu mmekwisha kuniuliza habari ya mkono wangu wa kuume, nami kila mara nimejibu kwa kifupi, maana habari yenyewe si ya kusimuliwa njiani. Leo naiandika. Ajali yenyewe sitaikalia sana, kwa kuwa ajali za barabarani mnazijua nyote. Nataka kuwaeleza habari ya swali lililokuja nyuma ya ajali, likanitaabisha kuliko maumivu, nalo ni hili: mtu akiumizwa vibaya, na sheria ikampa haki ya kulipwa, adai kiasi gani?

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, mwaka 2019. Nalipanda basi dogo hapa Muheza kwenda Tanga mjini kununua viriba vya kuoteshea miche. Nalikaa dirishani, upande wa kuume. Basi lilijaa watu mpaka mlangoni, hewa ilikuwa nzito, nikafungua kioo, nikautoa mkono wangu nje, vidole vikishika ukingo wa dirisha, kama watu wengi wafanyavyo. Karibu na Pongwe dereva wetu akataka kulipita gari la mbele penye kona, na mara lori likatokea. Magari hayakugongana uso kwa uso. Yalisuguana ubavu kwa ubavu, na mkono wangu ulikuwa katikati. Kidole cha mwisho, cha pete na cha kati vilikatika. Kifundo kilivunjika, na vidole viwili vilivyosalia vikakauka kama vijiti. Nalilala hospitali wiki tano.

Siku zile mambo mawili yalifanywa vema, wala si kwa akili yangu. Mke wangu alikwenda polisi, akachukua ile fomu iitwayo PF3, akaitunza pamoja na tiketi ya basi na kila karatasi ya dawa katika mfuko mmoja. Tena, siku ya tatu, akaja kijana mmoja akisema ya kwamba ametumwa na mwenye basi. Alileta Sh. 200,000, na karatasi ya kutiwa kidole. Mke wangu akaisoma ile karatasi, akaona imeandikwa ya kuwa tumeridhika na hatudai neno tena. Akamwambia, "Kaka, vidole vyenyewe ndivyo vilivyokatika. Rudi na karatasi yako." Akarudi nayo. Nami nawasihi, mkiwa na ndugu hospitali, asitie sahihi karatasi yo yote ya namna hiyo akingali kitandani, hata akiona njaa.

Dereva alishitakiwa, akaonekana ana hatia. Na kwa kuwa sheria ya nchi yetu humlazimu kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu ambao gari lake litawadhuru, madai yangu yaliielekea kampuni ya bima. Mwezi wa Novemba nikapata barua yao. Walisema wanasikitika sana, nao wako tayari kunilipa Sh. 6,000,000, ili mradi nitie sahihi hati ya kumaliza madai yote, ya sasa na ya baadaye.

Milioni sita! Nalikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Sijapata kushika fedha hizo kwa mara moja tangu kuzaliwa. Nyumba yangu ilikuwa bado mabati ya chumba kimoja, na deni la duka lilikuwa limeandikwa kurasa mbili. Nakiri kwenu ya kuwa jioni ile nalikwisha kuzigawa zile fedha kichwani mwangu kabla ya chakula kuiva.

Ukoo ukakutana. Mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, akasema, "Mpwa wangu, mshahara wako haukukatwa hata senti moja. Serikali inakulipa, na unafundisha kama zamani. Hasara yako iko wapi? Pokea, ushukuru." Dada yangu akasema nidai milioni mia, kwa kuwa kampuni ni tajiri. Wengine wakacheka, wengine wakaitika. Mama yangu alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo lilinikaa moyoni muda mrefu: "Mwanangu, ukitaja bei ya mkono wako, utakuwa umeuuza."

Sikuwa na jibu kwa mama. Kwa mjomba pia sikuwa na jibu, maana alisema kweli: mshahara haukukatwa. Nikaona haya. Mwalimu akionekana anapigania fedha, watu husema ya kuwa ajali imekuwa biashara yake. Nafikiri haya hii ndiyo huwafanya watu wengi wapokee kidogo. Husema wameridhika, kumbe wanaogopa kuitwa wenye tamaa.

Baada ya siku chache akaja mtu mwingine, mmoja wa wale waitwao vishoka, ambao hujifanya mawakili wala si mawakili. Akaniambia, "Mwalimu, uniachie mimi. Tutadai milioni mia na hamsini. Theluthi yangu, nyingine yako." Nikamwuliza, "Milioni mia na hamsini umezipataje?" Akacheka, akasema, "Mwalimu, unataja kubwa ili wakate. Wakikata nusu, bado ni nyingi." Nikamwuliza tena kama kampuni wakiuliza kwa nini si mia na arobaini, tutajibu nini. Hakujibu. Lakini aliacha kitu mezani: kitabu cha stakabadhi tupu, zenye mhuri wa duka la dawa. Akasema niandike humo cho chote kilichopungua.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Kwa hesabu yetu tulikuwa tumetumia kama Sh. 2,700,000 kwa nauli, dawa ambazo bima ya afya ya watumishi haikuzilipia, na malazi ya mke wangu mjini. Walakini stakabadhi zilizokuwa ndani ya ule mfuko zilifika Sh. 1,120,000 tu. Nauli ya bodaboda haina stakabadhi. Mwenye nyumba aliyempa mke wangu chumba hakuandika kitu. Basi nikajisemea ya kwamba fedha zilitoka kweli, na kujaza stakabadhi ni kuirudisha kweli mahali pake. Usiku mmoja nikawasha taa, nikaketi na kile kitabu, nikaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kuume haukushika kalamu. Herufi zikawa kubwa na za kupinda, kama za mtoto wa darasa la kwanza. Binti yangu, aliyekuwa darasa la tatu, akaamka kwenda kunywa maji, akasimama nyuma yangu akitazama. Akasema, "Baba, umejitahidi. Lakini hii 'd' umeigeuza." Alidhani najifunza kuandika upya.

Nalikitia kitabu kile jikoni asubuhi. Wala sikufanya hivyo kwa wema tu. Naliona pia ya kuwa mtu ye yote atakayezitazama stakabadhi zile atajua zimeandikwa na nani.

Nikabaki na swali langu. Jirani yetu mmoja ni mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee mwenye elimu, naye alipokuja kunijulia hali nikamwuliza sheria yao husemaje. Akanieleza ya kuwa katika fikihi diya ya mtu ni ngamia mia, na kila kidole ngamia kumi, sawasawa, kikubwa kwa kidogo. Akahesabu vidole vyangu, akasema, "Wewe unadai ngamia thelathini, Mwalimu. Utawachunga wapi?" Tukacheka sana, nami ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Juni.

Tangu siku ile nikaanza kutafuta jinsi watu wa kale walivyolifanya jambo hili, nikaona ya kuwa swali langu ni la zamani mno. Katika kitabu cha Kutoka, mlango wa ishirini na moja, imo habari ya mtu aliyempiga mwenziwe akalala kitandani: sharti amlipe siku alizokosa kazi, na kumwuguza mpaka apone kabisa. Waalimu wa Kiyahudi, ambao maneno yao yalikusanywa katika Mishna kama mwaka 200, waliligawa jambo hilo katika mafungu matano: kiungo chenyewe, maumivu, uponyaji, siku za kukaa bure, na aibu. Huko Uingereza, katika nchi ya Kent, sheria za mfalme Æthelberht za kama mwaka 600 ziliweka bei ya kila kiungo: kidole gumba shilingi 20, kidole cha mwisho shilingi 11, hata ukucha wa gumba ulikuwa na bei yake.

Jambo moja katika Mishna lilinishitua. Kwa fungu la kwanza walisema, mtu atazamwe kana kwamba ni mtumwa anayeuzwa sokoni: angalikuwa na bei gani akiwa mzima, na sasa bei gani? Nikamkumbuka mama. Sisi tuliozaliwa pande hizi, ambao babu zetu walipitishwa njia za pwani kwa minyororo, na soko la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873, hatuwezi kusoma maneno hayo bila kutetemeka. Nikaona ya kuwa neno la mama halikuwa la ujinga. Liko kosa kweli katika kuweka bei ya mwili. Je, liko njia nyingine?

Njia hiyo nalionyeshwa na wakili mmoja wa Tanga, mwanamke mpole mwenye maneno machache, ambaye shemeji yangu alinipeleka kwake mwezi wa Februari, mwaka 2020. Neno lake la kwanza halikuwa habari ya fedha. Aliuliza, "Mkono ulikuwa wapi gari lilipopita?" Nikanyamaza. Katika maelezo yangu polisi nalisema tu ya kuwa nalikaa dirishani, wala hakuna aliyeuliza zaidi. Akangoja. Nikasema, "Ulikuwa nje." Akaandika, kisha akasema, "Vema. Sasa nitaweza kukutetea. Usiponiambia mimi, utaambiwa na wao."

Ndipo nikamweleza maneno ya mama. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwambie mama ya kwamba mkono hauuzwi, nao hawataununua. Sisi tutaandika vitu vilivyoondoka pamoja na mkono, kimoja kimoja, na kila kimoja tutasema tumekijuaje. Jumla itakayotokea chini, hiyo ndiyo tutakayodai." Akanieleza ya kuwa sheria yetu, ambayo mzizi wake ni sheria ya Kiingereza iliyopokewa Tanganyika tangu tarehe 22 Julai 1920, huigawa fidia mafungu mawili. La kwanza ni hasara ihesabikayo, na hiyo sharti itajwe waziwazi na kuthibitishwa. Mahakama yetu ya Rufani ililisema jambo hilo kwa nguvu mwaka 1992, wala haina huruma na mtu asiye na karatasi. La pili ni ile isiyohesabika, kama maumivu na kupotewa na raha za maisha, nayo hakimu huipima kwa busara yake, akitazama watu waliopata madhara kama hayo walipewa nini. Akaniambia pia ya kwamba dai la namna hii huisha nguvu baada ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Kwa kuwa safari yangu ilikuwa ya Jumamosi kwa shughuli zangu, wala si ya kazi, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 haukunihusu.

Akanipa kazi ya nyumbani kama mwanafunzi: nichukue daftari, kwa mwezi mmoja niandike kila kitu nilichokifanya zamani kwa mkono ule na ambacho sasa sikifanyi, na kinafanywa na nani, kwa fedha gani. Nalidhani nitajaza ukurasa mmoja. Daftari likajaa nusu.

Hapo ndipo nilipopata jibu la mjomba. Mshahara haukukatwa, ni kweli. Lakini hakuna mwalimu wa kijijini anayeishi kwa mshahara peke yake. Mimi nalikuwa nabebesha miche ya michungwa. Kila mwaka naliotesha milimau, ikafika unene wa penseli, nikaipasua na kuifunga vikonyo vya machungwa mazuri, nikauza kama miche 1,500 kwa Sh. 1,500 kila mmoja. Kazi hii yataka kisu kikali na vidole vyepesi. Ukikosea upana wa unywele, kikonyo hukauka. Nikaandika hasara: Sh. 2,250,000 kwa mwaka. Wakili akaitazama, akaniuliza, "Viriba ni bure? Mbolea ni bure?" Nikatoa Sh. 650,000, ikabaki 1,600,000. Akauliza tena, "Sasa miche hiyo haipo kabisa?" Nikasema ipo, lakini nimemwajiri kijana wa kubebesha, kwa Sh. 300 kila mche. Akasema, "Basi hasara yako si faida yote. Hasara yako ni mshahara wa yule kijana." Ikabaki Sh. 450,000. Kwa kweli naliumia kuona milioni mbili na robo zikipungua hivi mbele ya macho yangu, lakini sikuweza kumbishia. Sheria humtaka aliyeumia apunguze hasara yake kadiri awezavyo, wala hawezi kulipwa kwa kile ambacho bado anakipata.

Tukaongeza vibarua wa kulima na kuchuma, ambao zamani sikuwahitaji, Sh. 350,000, jumla Sh. 800,000 kwa mwaka. Ushahidi ulikuwa daftari langu la zamani la wanunuzi wa miche, ambalo naliliandika kwa ajili ya madeni tu, bila kujua litakuja kunisaidia hivyo. Wanunuzi watatu walikubali kusimama kama mashahidi. Ewe msomaji unayeuza maziwa, au mayai, au unayeshona nguo, andika. Siku ya shida hakuna atakayeamini kichwa chako.

Nikazidisha kwa miaka. Mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Nami nikaona mpaka hapo ningaliweza kubebesha. Miaka 26 kwa Sh. 800,000 ni Sh. 20,800,000. Wakili akatikisa kichwa. Akasema, fedha za mwaka wa ishirini ukizipata leo, si sawa na kuzipata mwaka wa ishirini, maana leo waweza kuzitumia zikazaa. Tena hakuna ajuaye kama angaliishi na afya mpaka mwaka huo. Kwa hiyo mahakama huchukua miaka michache kuliko ile ya kalenda. Akaweka 14. Ikawa Sh. 11,200,000. Juu yake tukaweka Sh. 1,500,000 za upasuaji mmoja wa kulegeza vidole viwili vilivyosalia, kwa barua ya daktari, na zile Sh. 1,120,000 za stakabadhi za kweli. Fedha nyingine tulizozitumia hospitali zikapotea hivyo, nami nimezisamehe.

Likabaki fungu lisilo na karatasi. Katika daftari nalikuwa nimeandika, kati ya kufunga vifungo na kukata kucha za mkono wa kushoto, neno moja: kinanda. Wengi wenu mnajua ya kuwa nalipiga kinanda kanisani kwetu tangu nilipotoka chuo cha ualimu cha misheni. Hakuna aliyenilipa kwa kazi hiyo. Sikupoteza hata senti moja. Lakini kila Jumapili huketi kwenye benchi la nyuma, nikisikia kijana niliyemfundisha mwenyewe akikosea mahali palepale, na vidole ambavyo sinavyo hutaka kwenda kwenye noti. Nalitaka kulifuta neno lile kwa aibu. Wakili akasema, "Hili usilifute. Hili ndilo wasilolijua." Akanionyesha hukumu za watu waliopoteza vidole na mikono, tukazisoma pamoja, nyingine chini sana, nyingine juu. Akaniuliza mimi ningesema ngapi. Nikashindwa kabisa kusema. Yeye akaweka Sh. 30,000,000, akasema ni upande wa juu wa zile hukumu, lakini hazijavuka mpaka. Hata sasa siwezi kuwaambia kama ilikuwa haki. Ilikuwa fedha ya kutosha hata nisione imedharauliwa, na haikuwa nyingi hata nishindwe kuitaja nikimtazama mtu usoni. Zaidi ya hapo sina kipimo.

Jumla ikawa Sh. 43,820,000. Nalipompelekea mama hesabu ile na kumsomea, alisikiliza mpaka kwenye kinanda, akasema, "Hapo sawa." Kisha akaenda zake kuchambua mboga.

Lakini kulikuwa na ule mkono uliokuwa nje ya dirisha. Wakili alinieleza ya kuwa aliyeumia akiwa na sehemu ya kosa, fidia hupunguzwa kwa kadiri ya sehemu yake. Yeye aliona hakimu angeweza kuniwekea moja ya tano, na hapo ingebaki Sh. 35,056,000. Tukakata shauri tudai jumla yote, kwa kuwa kila fungu lilikuwa na sababu yake, wala tusiseme mkono ulikuwa ndani. Tena akanitaka nichague nambari nyingine, nisiyoiambia kampuni: ile ambayo wakitoa chini yake, sitii sahihi, tunakwenda mahakamani. Akanitajia gharama za kesi, miaka ya kungoja, na rufani. Mimi na mke wangu tulizungumza usiku mwingi. Yeye alisema thelathini, mimi nikasema ishirini, maana nachoka upesi. Tukaandika Sh. 25,000,000 kwenye kipande cha karatasi, akakiweka katika ule mfuko wake.

Barua ilikwenda mwaka 2020. Sitawachosha kwa habari ya miezi iliyopita bure. Walitaka karatasi hii, kisha ile, kisha ile ya kwanza tena. Walitoa Sh. 12,000,000, kisha Sh. 18,000,000. Mwezi wa Februari, mwaka 2022, ikiwa imebaki miezi minne tu kabla ya dai kufa, na wakili akiwa amekwisha kuandaa hati ya mashitaka, wakatuita mezani.

Mtu wa kampuni alikuwa kijana wa makamo yangu, mwenye adabu. Akapitia hesabu yetu mstari kwa mstari. Alipofika kwenye miche akauliza maswali mengi, nami nikamjibu yote, hata akaniuliza kwa nini hutumia mlimau na si mchungwa wenyewe, nikamweleza habari ya mizizi. Katika fungu lile hakupunguza kitu. Kisha akageuza karatasi zake kifudifudi, akasema kwa upole, "Mwalimu, mkono wako ulikuwa ndani au nje?"

Chumba kikawa kimya. Wakili hakunitazama. Nalijua ya kuwa utingo alikwisha kuhama mji, na abiria aliyekaa karibu nami alikuwa mgeni nisiyemjua. Nikafikiri habari ya mabati. Nikasema, "Ulikuwa nje." Akauliza, "Wote?" Nikasema, "Tangu kiwiko." Akaandika.

Baada ya hapo walishikilia ya kuwa nusu ya kosa ni yangu. Wakili akawajibu ya kuwa mkono dirishani haukulipeleka basi upande wa pili wa barabara penye kona, na kwamba dereva alihukumiwa, si mimi. Walibishana mpaka saa nane. Wakasimama kwenye Sh. 24,000,000. Mke wangu, aliyekuwa ameketi nyuma, akafungua mfuko wake, akakitazama kile kipande cha karatasi, akaufunga. Wakili akakusanya vitabu vyake kama mtu anayeondoka. Mwishowe wakasema Sh. 29,500,000, nami nikakubali.

Njiani kurudi mke wangu alihesabu kwa sauti. Akasema, kama ningalisema ulikuwa ndani, labda tungalipata milioni thelathini na nane. Nikasema labda. Akasema, labda pia walikuwa na maelezo ya utingo katika zile karatasi alizozigeuza. Hata leo sijui. Hatukuzungumza tena mpaka tuliposhuka Muheza, naye akaninunulia ndizi za kuchoma.

Siku ya kutia sahihi nalisoma ile hati mara mbili, maana ilisema vilevile kama ile ya hospitali, ya kuwa sidai tena neno la sasa wala la baadaye. Nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Wakili alichukua Sh. 2,500,000 tulizopatana tangu mwanzo. Deni la duka lililipwa siku iyo hiyo. Upasuaji ulifanywa mwezi wa Agosti, mwaka 2022. Sasa gumba na kidole cha shahada hukutana, naweza kushika chaki, kisu bado. Mabati yalipigwa nyumba nzima. Fedha zilizobaki zimewekwa kwa ajili ya yule kijana wa miche, na kila mwaka nachukua Sh. 800,000, sizidishi, nikiziandika katika daftari lile lile. Mwaka jana binti yangu alibebesha miche arobaini kwa mkono wake, nami nikimwonyesha kwa maneno tu. Ishirini na sita ilishika.